Sura ya Mama Kwenye Sarafu

Hjulsta, Stockholm
Januari 12, 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Natumai lilikuruhusu kufika kanisani, maana mara ya mwisho ulisema linakuuma tu siku ambazo anahubiri yule wa mahubiri marefu. Sisi hatujambo. Mkweo Damian anasema shikamoo na anataka marahaba yake kwa maandishi. Aida amekuwa mrefu kunipita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini bahasha yako ilipofika ni yeye aliyekimbilia kuifungua.

Bango la kampeni nimelipata. Nimelibandika jikoni, na kila anayeingia anauliza ninyi ni nani. Wewe upande mmoja na kilemba chako cha sherehe, mdogo wangu Mugambi upande wa pili na koti jipya, mnatazamana pua kwa pua kama watu wanaotaka kuambiana siri. Na maneno yote yanakuhusu wewe: mwanzilishi wa ushirika wetu wa maziwa, mwenyekiti wa miaka yote, mama wa mtambo wa kupoza maziwa. Jina la Mugambi nilitafuta mpaka nikalikuta chini kabisa. Nilimwuliza Damian, hapa anayegombea uenyekiti ni nani? Mama anastaafu au ndio anaanza?

Sasa sikiliza. Unajua kazi yangu makumbusho ni kupiga picha sarafu za kale na kuandika maelezo yake. Wiki hii tumeanza za Roma, kwa ajili ya maonyesho ya Septemba. Filip, yule mwenzangu wa mezani, akaniwekea mbele sarafu ya dhahabu ndogo kama kifungo cha koti. Ina kijana na mwanamke, wanatazamana pua kwa pua. Nikamwambia, “Hawa wako jikoni kwangu.” Akadhani nimechoka. Kesho yake nilimletea picha ya bango lenu, akacheka mpaka akavua miwani.

Kijana huyo alifanywa Kaisari akiwa na miaka kumi na sita tu, na watu walikuwa hawamjui vizuri. Mama yake ndiye aliyejulikana: binti wa jemadari aliyependwa na askari, mjane wa Kaisari aliyetangulia. Enzi hizo hakukuwa na gazeti wala redio. Kitu kilichotoka ikulu kikafika mpaka kwenye kiganja cha muuza mboga kilikuwa sarafu, kwa hiyo wakuu waliweka humo kile walichotaka watu waamini. Hii ilikuwa inasema: msiwe na wasiwasi, huyu ni mtoto wa yule mama mnayemjua. Jina la mama ndilo lililozunguka sura zao. La kijana liko nyuma.

Basi mwambie aliyemtengenezea Mugambi bango kwamba kuna watu walimtangulia. Na wewe mwenyewe unajionaje, ukining’inia kwenye kila mlango wa duka Nkubu?

Binti yako,
Rita


Nkubu, Meru
Februari 20, 2025

Rita mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, sijui ni theluji yenu au ni posta yetu. Mimi ni mzima na goti pia, isipokuwa kwenye mteremko wa mtoni. Damian mwambie marahaba mara mbili, moja aiweke akiba. Aida mwambie nyanya yake anamsalimu, na kwamba akija hapa tutaongea Kimeru ili naye aonje kuwa mgeni, kama mimi kwenye hicho Kiswidi chake. Kwenu kuna jua sasa?

Hapa ni kampeni tu. Zamani uchaguzi wa ushirika ulikuwa wa kunyoosha mikono, halafu tunarudi nyumbani kukamua. Siku hizi kuna fulana, kuna gari lenye vipaza sauti. Mugambi anashindana na Valerie, yule daktari wa mifugo, binti wa mwalimu Kirimi. Ni msichana wa kazi. Ndiye aliyeniponyea ng’ombe wakati wa mvua. Nilimwambia Mugambi hivyo, akanuna.

Watu wananisimamisha njiani. “Mama Mugambi, kura zetu ni zako.” Nawaambia mimi sigombei. Wanasema, “Tunajua, tutampa yeye kwa sababu yako.” Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nikaanza kujiuliza kama kuna anayemtazama mwanangu usoni.

Nakutumia bango jipya, wamelibadilisha. Mpiga picha alisema tukitazamana tunaonekana kama tunagombana, kwa hiyo sasa wote tunatazama upande mmoja, Mugambi mbele, mimi nyuma yake kidogo. Ukiangalia vizuri utaona kilemba. Maneno yanayonihusu wameyapeleka nyuma ya karatasi. Kijana lazima naye aonekane.

Ila kuna neno linanisumbua. Anasema akishinda atafunga vituo vya kupokelea maziwa kule juu karibu na msitu, kwa kuwa barabara ni mbovu na maziwa yao ni machache. Wale ndio tulioanza nao, Rita. Nilimwuliza tukiwa mezani. Akasema, “Mama, acha nishinde kwanza.”

Na yule kijana wa sarafu na mamaye waliendeleaje? Umeniachia hadithi katikati.

Mama yako


Hjulsta, Stockholm
Machi 16, 2025

Mama mpendwa,

Tunakusalimu sote. Afya zetu ni nzuri, mafua yameondoka na Damian ameacha kujifunga shali ndani ya nyumba. Jua lipo, lakini ni la kutazama tu, halipashi moto. Natumai wewe na goti lako mmeelewana na ule mteremko.

Jana nilikwenda Vällingby na Aida kumtafutia viatu. Alichagua vyeusi. Nilipouliza kwa nini kila kitu cheusi, akaniambia kwa Kiswidi kwamba sina macho. Nikakukumbuka wewe na gauni langu la kumaliza shule.

Umeuliza wale waliendeleaje. Waliendelea vizuri kwa muda. Mwaka uliofuata sarafu ikabadilishwa. Kwenye hiyo wanatazama upande mmoja, kijana mbele, mama nyuma yake, unamwona paji la uso na pua tu. Na maneno yanayomhusu mama yakahamia upande wa pili. Sikudanganyi, Mama, nilipolifungua bango lako jipya nilikaa kwanza. Baadaye kila mmoja alikwenda njia yake, kama ilivyo kwa watu wakubwa.

Usiyaweke moyoni. Mpiga picha wa Nkubu hajui habari za Roma.

Binti yako,
Rita


Nkubu, Meru
Aprili 27, 2025

Rita,

Salamu. Mimi si mgonjwa, ingawa umeniandikia kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha hospitali. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, najua sauti ya mtoto aliyeruka ukurasa. “Kila mmoja alikwenda njia yake.” Njia ipi?

Tazama bango nililoweka humu. Ni la tatu. Niko wapi? Nimetafuta mpaka nyuma ya karatasi. Hilo ningelivumilia. Lakini soma maneno chini ya picha yake: “Mugambi, aliyejenga mtambo wa maziwa.” Mwaka tulioujenga mtambo Mugambi alikuwa bwenini, kidato cha pili, akiniandikia nimpelekee sabuni. Mama Kanyua, ambaye kidole chake kilipondwa na jiwe la ule msingi, alikuja na bango hili, akaliweka mezani kwangu, akanywa maji, akaenda zake.

Mugambi hajaja kunywa chai Jumapili tangu Machi. Akipita na lile gari lao la kelele anapunga mkono kupitia dirishani.

Niambie mwisho wa yule mwanamke. Na jina la mwanawe, ambalo naona umelikwepa barua mbili.

Mama yako


Hjulsta, Stockholm
Mei 18, 2025

Mama yangu,

Nakusalimu kwa upendo, na natamani ningekuwa nimekaa karibu nawe badala ya kuandika.

Jina lake lilikuwa Nero. Ndiyo, yule yule unayemsikia kanisani, aliyewatesa Wakristo. Mama yake aliitwa Agripina. Baada ya ile sarafu ya pili hakuwekwa tena kwenye sarafu za mwanawe zilizotengenezwa Roma. Miaka michache ikapita, na Nero akatuma watu wakamwua. Nilikwepa kwa sababu nilijua ukisikia jina hilo utamwona Mugambi kwa sura nyingine, na Mugambi si Nero. Ni mtoto wako aliyeingiwa na woga.

Nilimpigia simu. Hakupenda maswali yangu, lakini alijibu. Alisema, “Nikimweka Mama, wanasema siwezi kusimama bila yeye. Nikimtoa, wanasema namkana. Wewe uliye mbali niambie, niweke sura ya nani?” Nikamwuliza habari ya mtambo. Akasema maneno yale aliyatunga mtu wa kiwanda cha uchapaji, yeye aliyakuta tayari, na alipoona watu wanayapenda akayaacha.

Mama, nimeshika sarafu nyingi mwaka huu. Kuna moja ya huyo huyo Nero yenye picha ya nyumba ya mungu wao, milango imefungwa. Kwao milango hiyo ilifungwa kukiwa na amani, na maneno yanasema kuna amani nchi kavu na baharini. Waliendelea kuitoa hata watu wa Uyahudi walipoasi na majeshi yakaingia barabarani. Fikiria mtu aliyechomewa nyumba, anapewa ile sarafu sokoni. Afanye nini? Ananunua kitunguu, anakwenda. Nadhani nguvu ya kitu kile ilikuwa hapo, kwamba hakuna aliyeweza kukijibu.

Bango la Mugambi unaweza kulijibu. Siwezi kukuambia useme nini, wewe ndiye unayewajua watu wako na ndiye uliyemzaa. Lakini usinyamaze kwa sababu ya kumwonea huruma. Mimi nadhani naye anangoja mtu amtoe hapo alipo.

Binti yako,
Rita


Hjulsta, Stockholm
Julai 20, 2025

Mama,

Hujambo? Mkutano mkuu wa ushirika ulikuwa mwisho wa Juni na sijasikia neno. Simu yako inaita bila kupokelewa, ya Mugambi imezimwa. Damian anasema kungekuwa na msiba tungeshasikia, lakini naye anaamka kuangalia simu akidhani nimelala.

Kama barua yangu ilikuwa kali, nisamehe. Andika hata mstari mmoja. Andika kwamba goti linauma.

Rita wako


Nkubu, Meru
Agosti 10, 2025

Rita mwanangu,

Kwanza, sisi ni wazima, mimi na ndugu yako pia. Simu ilitumbukia kwenye maji ya vyombo. Kuandika nilikuwa naweza, ila kila nilipokaa sikujua nianzie wapi. Waambie Damian na Aida kwamba nawasalimu na wasiwe na hofu.

Siku ya mkutano nilivaa kawaida, nikakaa katikati ya watu, si mbele. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka wengine walisikiliza dirishani. Mugambi na Valerie walikuwa kwenye meza kuu. Msema-chochote wao, yule mwenye kuongoza mkutano, akamtambulisha: “Mugambi, aliyejenga mtambo.” Watu wakapiga makofi, na mimi nikamtazama Mugambi. Alikuwa anaangalia meza.

Nikanyoosha mkono. Ukumbi ukatulia, walidhani nimekuja kumpigia debe.

Nikasema, “Nina mambo mawili na sitawachelewesha. Mtambo ule hakuujenga Mugambi. Sikuujenga mimi pia, mtu mmoja hajengi mtambo. Waliobeba mawe ya msingi, tafadhali simameni.”

Wakasimama, Rita. Wengine kwa fimbo. Mama Kanyua akainua kile kidole chake kilichopinda na watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Waliotoka kule juu karibu na msitu walikuwa wengi kuliko sisi wa huku chini. Sikumwambia Mugambi awatazame. Alikuwa ameshainua kichwa.

Nikasema, “La pili. Miezi hii yote mmeniambia mtampa kura kwa sababu yangu. Asanteni, lakini msifanye hivyo. Sura yangu ilitolewa kwenye bango bila kuulizwa, na leo mimi mwenyewe naitoa kwa hiari yangu. Mtazameni yeye. Mtazameni na Valerie. Waulizeni.” Nikakaa.

Mzee mmoja wa kule juu akasimama kumwuliza Mugambi kama ni kweli anataka kufunga vituo vyao. Angeweza kukana. Nilikuwa najisemea moyoni, usikane, usikane. Akasema, “Nilikusudia kuvifunga. Sikujua ni ninyi mlioanza.” Halafu, bila mtu kumwuliza, akaongeza, “Na yale maneno ya bango si kweli. Niliyaacha kwa sababu yalinipendeza.”

Valerie alishinda, na hakushinda kwa kubahatisha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Mugambi. Tulikwenda mpaka tukavuka daraja. Akasema, “Mama, umeniangusha mbele ya watu.”

Nikamwambia, “Sijakuangusha. Nimekutua.”

Alinifikisha langoni akaondoka bila kuingia, na wiki zikaanza kupita. Ndiyo sababu ya ukimya wangu. Nilikuwa sijui kama nimesema kweli nikapoteza mtoto, na habari ya namna hiyo sikutaka kukutumia kwa posta.

Jumapili iliyopita alikuja. Hakutaja mkutano. Alikula githeri sahani mbili, akaangalia paa la zizi, kisha akauliza ni nani kule juu anaweza kumsimulia vituo vilianzaje. Nikamtajia watu. Akayarudia majina kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akifanya na mafumbo ya hesabu. Ni hilo tu, lakini nimelala vizuri.

Barua yako haikuwa kali. Ilikuwa ndefu.

Mama yako


Hjulsta, Stockholm
Septemba 28, 2025

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi, safari hii kwa moyo mwepesi. Sote ni wazima. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye treni nikapitiliza kituo cha makumbusho, nikaenda mpaka mwisho wa njia na kurudi.

Aida aliniuliza, na aliniuliza kwa Kiswahili, “Nyanya alisema nini hasa siku ile?” Nikamsomea yote. Tulipofika kwenye neno la kutua akakwama, maana yeye anajua kutua kwa ndege tu. Ikabidi nichukue mto, niubebe mgongoni kwa leso, niushushe polepole mpaka chini. Akatazama ule mto kwa muda. Akasema basi Mjomba Mugambi ni mzito sana. Nimecheka wiki nzima.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Kina mama wa kanisa letu la Rinkeby walikuja kundi zima, wamevaa kama wanakwenda harusini. Niliwapitisha kwenye sarafu za Nero, ile ya kutazamana, ile ya mama nyuma, kisha zile zisizo na mama. Nikawaeleza kila picha ilikuwa inataka watu waamini nini. Concessa, mama wa Kirundi anayeimba sauti ya juu, akaweka pua karibu na kioo. Akauliza, “Na yeye mwenyewe huyu mama alikuwa anataka nini?”

Nikamgeukia Filip. Akasema tunachojua kimeandikwa na watu ambao wengi hawakumpenda. Yeye mwenyewe aliandika kitabu cha maisha yake na ya watu wake, lakini kimepotea, hakuna aliyekiona kwa karne nyingi.

Concessa akasema, “Kwa nini hamkuandika hilo hapa ukutani?”

Tulikuwa hatujaandika, Mama. Tuliandika uzito wa sarafu, mwaka, mahali ilipotengenezwa. Jumatatu nilimwomba mkuu wetu turekebishe kibao, akakubali. Nikaandika sentensi, na Aida akaninyooshea Kiswidi changu, ambacho anasema bado kinasikika kama Kimeru kidogo. Sasa kibao kinasema kwamba mwanamke huyu aliandika habari zake kwa mkono wake, na kwamba hatujui alisema nini.

Nimerudi kukitazama mara kadhaa. Watu wanapofika pale wanapunguza mwendo.

Mugambi vipi? Mimi hanipigii bado.

Binti yako,
Rita


Nkubu, Meru
Novemba 2, 2025

Rita mwanangu,

Tunakusalimu kutoka kwenye tope. Mvua imeanza, ng’ombe wanakula vizuri, na goti linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Mwambie Concessa kwamba Mama Mugambi wa Nkubu anamsalimu na angependa kukaa naye benchi moja. Mwambie Aida neno jingine nitamfundisha akija Desemba, kama mlivyosema kwenye simu yangu mpya. Nimeanza kutengeneza kitanda.

Umeuliza juu ya ndugu yako. Valerie alimwita ofisini mwezi uliopita. Nilidhani ni kumsuta, kumbe alitaka mtu wa kusimamia barabara ya kule juu, kwa sababu aliona ndiye pekee kwenye mkutano ule aliyekubali kosa bila kulazimishwa. Mugambi alikaa siku kadhaa akisema hawezi kufanya kazi chini ya aliyemshinda. Sikumshauri. Ilikuwa kazi kubwa kutomshauri, nilikamua ng’ombe mpaka wakanishangaa. Mwisho akaenda.

Anaendeleaje huko, mwulize mwenyewe. Ameingia sasa hivi, ananawa. Alitaka nikuandikie salamu zake na habari zake zote. Nimemwambia mimi nimeacha kumsemea, kalamu hii hapa.

Mama yako


Dada Rita,

Habari za huko? Mama amesema niandike, na amesimama nyuma yangu akijifanya anapanga vikombe.

Nyumba ya kwanza kule juu hawakumfunga mbwa. Ya pili waliniacha nisimame uani mpaka mvua ikaanza, ndipo wakaniita ndani. Ya tatu walinipa chai. Hawajanisamehe, wanasema wazi, lakini tumechimba mitaro pamoja upande mmoja wa barabara na juzi lori la maziwa lilipanda mpaka kituo cha mwisho bila kusukumwa. Kuna mama mmoja alilipigia vigelegele lile lori, si mimi. Nilifurahi hata hivyo.

Nilipaswa kukupigia simu tangu zamani. Nitapiga Jumapili. Kama nitagombea tena sijui, usiniulize.

Mwandiko usikushangaze, viganja vimejaa malengelenge.

Mdogo wako,
Mugambi